Bagamoyo Hadi Ujiji kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari ya Kuvuka Tanzania

Ukimwambia mtu wa Dodoma kwamba unataka kwenda Kigoma kwa miguu, atakuuliza kwanza kama umekosa nauli. Ukiongeza kwamba utaanzia Bagamoyo, atakuangalia vizuri usoni. Hakosei. Mabasi yapo, treni ipo, na hakuna anayekulazimisha.

Hata hivyo njia yenyewe si geni kwa miguu ya watu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu kila kilichosafiri kati ya pwani na Ziwa Tanganyika kilipita hapa kichwani au begani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliifanya kazi yao ya kila mwaka, na wengi wengine walipitishwa humo kwa minyororo, wakiwa watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Wenzetu wanaopenda matembezi marefu wana njia zilizotengenezwa. Marekani kuna Appalachian, yenye kilomita kama 3,500, na alama nyeupe za rangi kwenye miti kutoka mwanzo hadi mwisho. New Zealand kuna Te Araroa, kilomita kama 3,000, iliyofunguliwa mwaka 2011. Mtembezi wa huko anahesabu kilomita na kilo za mzigo, basi. Ukichukua hesabu hiyo ukaileta Ugogo, nchi kavu ya Dodoma, utakwama kabla ya kufika Manyoni. Safari ya hapa hupangwa kwa maji. Kilomita hufuata maji, na mengine yote hufuata hayo mawili.

Hatua ya 1: Chagua njia, kisha uifuate reli bila kuikanyaga

Kwa mtembezi wa leo, reli ya zamani ya kati, ile yenye upana wa mita moja, ndiyo kiongozi bora. Inapita karibu na njia ya misafara kwa sehemu kubwa, na ilipangiwa vituo kwa umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa siku moja au mbili. Pembeni ya reli kuna vijiji, na kati ya vijiji kuna njia za miguu na za baiskeli ambazo hazionekani kwenye ramani za barabara.

Maneno ya kuzingatia ni "pembeni ya reli". Tuta la reli ni eneo la Shirika la Reli na kutembea juu yake ni kosa, mbali ya kuwa ni hatari, hasa madarajani. Reli mpya ya kisasa, SGR, ndiyo usiikaribie kabisa: ina uzio, ina umeme mkubwa juu, na treni zake huja kwa kasi ambayo sikio lililozoea treni ya zamani haliitambui. Vuka kwenye vivuko na chini ya madaraja yaliyojengwa kwa ajili hiyo.

Njia ninayopendekeza ni hii. Bagamoyo hadi Mlandizi kupitia Makofia, kisha Chalinze na Morogoro. Kipande hiki ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu ya malori ya barabara kuu. Tembea upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokujia, na uondoke alfajiri. Usijaribu kukatiza porini upande wa Ngerengere. Kuna maeneo ya jeshi, na mtu mwenye begi kubwa akionekana vichakani huko ana maelezo mengi ya kutoa.

Kutoka Morogoro kuna njia mbili. Wengi watakuambia ufuate lami: Dumila, Gairo, Kibaigwa, Dodoma. Inawezekana, na chakula hakikosekani. Kibaigwa peke yake, na soko lake la mahindi, inatosha kulisha msafara. Mimi nasema ukifika Dumila pinda kushoto uende Kilosa, kisha upandishe kufuata bonde la mto Mkondoa: Kidete, Godegode, Gulwe, halafu Mpwapwa. Hii ndiyo njia ya misafara yenyewe, ina maji ya mto kwa sehemu kubwa, ina milima ya kutazama, na hakuna lori. Usifupishe kwa kukata moja kwa moja kutoka Morogoro kwenda Kilosa kupitia mbuga ya Mkata: upande huo unapakana na Hifadhi ya Mikumi, na wanyama hawajui mpaka uko wapi.

Mpwapwa hadi Dodoma fuata Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Ihumwa. Dodoma hadi Tabora pita Kigwe, Bahi, Kintinku, upande ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Kilimatinde na Manyoni, kisha Itigi, Chaya, Nyahua, Goweko, Igalula. Tabora hadi ziwani ni Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, na mwisho Ujiji.

Jumla, kwa mizunguko hiyo, ni kama kilomita 1,300 na kitu. Dodoma hadi Tabora ni karibu 390. Tabora hadi Kigoma ni 400 na ushee.

Hatua ya 2: Msimu na upande wa kuanzia

Anza pwani, wiki ya kwanza ya Juni. Masika ya pwani huwa yamekwisha au yanamalizika, na huku kati mvua hukatika mwezi wa nne au wa tano, kwa hiyo utaikuta Ugogo ikiwa na maji kiasi kwenye visima na makorongo, na nyasi zikiwa zimeanza kulala. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, katikati ya masika, na mbuga ya Mkata ilimgeukia bwawa. Aliponea kwa kuwa alikuwa na punda na watu wa kumbebea mizigo. Wewe una mgongo wako tu.

Kuchelewa nako kuna ubaya wake. Kufikia Septemba na Oktoba Dodoma ni vumbi na jua, visima vifupi vimekauka, na kina mama wanapanga foleni na ndoo tangu usiku. Si wakati wa mgeni kuja kuomba lita kumi.

Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi ambayo watu wa pwani hawaitegemei, na upepo. Upepo huo hutoka mashariki na kusini-mashariki, maana yake ukitembea kuelekea magharibi unakusukuma. Jua nalo liko mgongoni asubuhi yote. Mchana likikugeukia usoni, uwe umeshakaa kivulini. Ukianzia Kigoma, mambo yote mawili yanakuwa kinyume chako kwa zaidi ya miezi miwili. Sijapata kuona sababu nzuri ya kuanzia ziwani.

Hatua ya 3: Tengeneza daftari la maji

Hapa ndipo mpango unapojengwa au unapobomoka, kwa hiyo usiiruke hatua hii kwa kuwa inachosha.

Chukua daftari gumu, dogo la kuingia mfukoni. Kila ukurasa uwe siku moja ya safari. Andika mahali pa kulala, umbali kutoka ulipolala jana, halafu mistari mitatu: maji ya kwanza njiani, maji ya pili, na maji ya dharura. Kwa kila maji andika ni ya namna gani (bomba, kisima cha pampu ya mkono, lambo, mto, mchanga wa korongo), nani anashika ufunguo, na lini mtu alikuambia habari hizo. Habari za maji zilizozidi wiki mbili zichukue kama tetesi.

Unazipata wapi? Anza na ramani. Programu kama Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi bila intaneti ukishapakua Tanzania nzima, na zinaonyesha njia za miguu nyingi. Picha za setilaiti zitakuonyesha malambo na mstari wa miti ya kijani unaofuata korongo. Ramani za karatasi za 1:50,000 zinatolewa na serikali kupitia wizara ya ardhi. Ni za zamani, majina ya vijiji yamehama, ila milima na mito haijahama. Baada ya hapo piga simu. Ofisi za wilaya za RUWASA, wakala wa maji vijijini, zinajua mradi upi wa maji unafanya kazi na upi pampu imekufa. Na kila siku njiani, unapolala, uliza maswali kuhusu kesho na keshokutwa. Waulize wachungaji kwanza, halafu wenye baiskeli. Dereva wa gari muulize mwisho. Yeye anakumbuka kijiji kwa kuwa alikunywa soda pale.

Katika makorongo ya Ugogo mto unaonekana mchanga mtupu, na chini yake mna maji. Wenyeji huchimba kwa mikono au kwa koleo na kuteka kwa kata. Shimo ulilolikuta lina mwenyewe, hata kama hakuna mtu. Ngoja, uliza. Kwenye maji ya bomba ya kijiji lipia ndoo kama wanavyolipa wote, na upange foleni. Watemi wa Kigogo waliwatoza wasafiri hongo, yaani ushuru, kwa kupita na kunywa, na wageni wa Ulaya waliandika kurasa nyingi za malalamiko. Mimi nawaelewa watemi: maji ya nchi kavu hayakujichimba.

Maji mengi ya visima virefu vya Dodoma na Singida yana chumvi. Hayakuui, lakini usipoyazoea yanaharisha na hayakati kiu vizuri. Beba ndimu au ukwaju, na unapopata maji baridi yasiyo na chumvi jaza kila chombo. Maji ya lambo na korongo yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yachemshe au uyatie dawa na kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kipimo cha siku ni lita tano hadi sita kwa mtu mmoja, pamoja na ya kupikia. Lita moja ni kilo moja, na ndiyo sababu mzigo mwingine wote lazima upungue.

Vyombo: chupa za plastiki za maji za lita moja na nusu. Ni nyepesi, zinapatikana kila duka, ikitoboka unatupa unanunua nyingine. Chupa za chuma za bei kubwa waachie watu wa ofisini.

Hatua ya 4: Vipande viwili vikavu

Misafara ilivijua kwa majina: Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa na Chunyo kabla ya kuingia Ugogo, na Mgunda Mkali, baada ya Kilimatinde hadi karibu na Unyanyembe, yaani Tabora. Leo kuna reli, kuna vijiji, na kutoka Manyoni hadi Tabora kuna lami. Kwa mwenye gari vipande hivi havipo tena. Kwa mwenye miguu vipo.

Wapagazi walikuwa na mbinu yao, tirikeza, na haijapitwa na wakati. Unapumzika kwenye maji asubuhi yote. Unapika mchana, unakula, unakunywa hadi tumbo likatae, unajaza vyombo. Saa tisa alasiri, jua likianza kulegea, unaondoka. Unatembea hadi giza liingie vizuri, unalala pasipo na maji bila kupika, na saa kumi na moja alfajiri unaondoka tena ili ufike kwenye maji yanayofuata kabla ya saa nne. Kipande cha kilomita 40 kinageuka kuwa nusu mbili za jioni na alfajiri, na jua kali linakukuta mahali penye maji pande zote mbili. Lita saba au nane zinakutosha, wakati ukikitembea mchana zingehitajika kumi na mbili.

Mbinu ya pili ni ya zama zetu: bodaboda. Ukiwa Itigi, mlipe kijana mwenye pikipiki apeleke madumu mbele na kuyaacha kwa mwenye duka au mtu wa stesheni, jina lako likiwa limeandikwa juu. Piga simu kuthibitisha kabla hujaondoka. Wapo watakaosema huko si kutembea kwa haki. Waambie waje wabebe wenyewe.

Kuanzia Itigi kuna vichaka ambavyo wataalamu wa mimea huja kuviona kutoka mbali: vimefungamana kiasi kwamba mtu hapiti bila panga, na ukiingia hatua hamsini huoni ulikotoka. Kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato. Kaa kwenye barabara au njia ya kijiji, na haja ndogo ifanye ukiwa unaiona njia.

Hatua ya 5: Barua, vitambulisho na hodi

Mtu anayetembea na begi kubwa bila kuuza kitu anatia shaka. Iondoe shaka kabla haijaulizwa. Pata barua ya utambulisho kutoka serikali yako ya mtaa, iliyogongwa muhuri, ikieleza jina lako, njia na tarehe. Toa nakala nyingi. Beba kitambulisho cha NIDA chenyewe, si picha kwenye simu, na hasa ukishavuka Malagarasi: mkoa wa Kigoma unapakana na nchi nyingine na una kambi za wakimbizi, hivyo ukaguzi wa uhamiaji ni jambo la kawaida. Ukiwa na mwenzio wa kutoka nje, pasipoti na viza vyake viwe mkononi.

Kila kijiji unacholala, nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti. Msalimie, mpe barua aisome, mweleze unatoka wapi na kesho unaelekea wapi. Usiombe mahali pa kulala mara moja. Ukishaeleza, yeye ndiye atakayeuliza unalala wapi. Mara nyingi utaonyeshwa darasa la shule, ofisi ya kijiji, parokia, au ua wa mtu. Wanawake wanaotembea wenyewe waombe kulala kwa masista penye misheni, au nyumbani kwa mjumbe mwenye familia, na wavae kitenge juu ya suruali wanapoingia kijijini. Watu wawili au watatu ni idadi nzuri kwa yeyote. Peke yako inawezekana, lakini mguu ukiteguka Mgunda Mkali, utatamani kuwa na mtu wa kumtuma.

Wazee wa Kigogo waamkie "Mbukwenyi", na ukiingia Unyamwezini asubuhi sema "Mwangaluka". Baada ya hapo rudi kwenye shikamoo yako. Milango iliyokuwa nusu hufunguka.

Usipige picha madaraja ya reli, stesheni wala kambi yoyote. Ukitaka kupita ndani ya pori la akiba au hifadhi, kibali chake ni kingine kabisa na utahitaji askari wa wanyamapori. Njia niliyoieleza imekwepa yote hayo makusudi.

Hatua ya 6: Mzigo, viatu na miguu

Bila maji na chakula, begi lisizidi kilo kumi. Hema dogo jepesi au turubai lenye chandarua. Mkeka wa sponji. Shuka zito au mfuko wa kulalia, kwa ajili ya baridi ya Julai. Nguo za kubadilisha jozi moja. Kofia pana. Taa ya kichwani. Sufuria moja, kijiko, viberiti viwili vilivyofungwa kwenye nailoni mahali tofauti. Pawabenki, na paneli ndogo ya sola ukipenda, ingawa karibu kila senta ina duka linalochaji simu kwa malipo kidogo. Laini mbili za mitandao tofauti. Fedha weka nyingi kwenye simu na taslimu kidogo za noti ndogo. Mawakala wapo hadi vijijini, ila wa kijijini huenda hana salio la kukupa ukiwa na haraka.

Shuka la buluu au jeusi liache nyumbani. Kuanzia misitu ya miombo ya Tabora hadi Uvinza kuna mbung'o, na wanavutwa na rangi hizo mbili. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Vaa khaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu.

Viatu. Watu huuliza hili kabla ya maji, na wengi hununua mabuti mazito ya ngozi. Njia hii ni ya mchanga, vumbi na lami, haina mawe makubwa wala theluji. Raba nyepesi za kukimbilia zenye soli nene zinafaa zaidi, na mitumba ya Sabasaba pale Dodoma inazo nzuri kwa mwenye subira ya kuchambua. Nunua namba moja zaidi ya yako, maana miguu huvimba ukitembea siku nyingi. Jozi moja haitamaliza kilomita 1,300. Andaa ya pili ikusubiri Dodoma au Tabora, itumwe kwa basi. Jioni vaa katambuga, viatu vya matairi: miiba ya mgunga hupenya kandambili, na mwiba kwenye kisigino unaweza kukulaza siku tatu.

Malengelenge huanza kama joto. Ukihisi tu sehemu moja ya mguu ina joto kuliko nyingine, simama hapo hapo, hata kama mwenzio anakasirika. Vua, kausha, pangusa mchanga, bandika plasta ya kitambaa, badilisha soksi. Asubuhi paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni. Lengelenge likishajaa maji, litoboe pembeni kwa sindano iliyopitishwa motoni, kamua, acha ngozi ibaki juu. Kucha zikate fupi kila wiki. Jioni osha miguu hata kwa kikombe kimoja cha maji, na uikaushe kabisa.

Hatua ya 7: Chakula

Usibebe jiko la gesi. Hadi Manyoni, na tena kuanzia Igalula, karibu kila siku utakutana na mama lishe, na ugali wake ni mtamu kuliko chochote utakachopika ukiwa umechoka. Dodoma kula ugali wa uwele kwa mlenda. Unashuka vizuri hata kinywa kikiwa kimekauka. Beba akiba ya siku mbili, na siku nne kwa Mgunda Mkali: karanga za kukaanga, tende, ubuyu, unga wa uji, dagaa wakavu, chumvi na sukari. Asali ya Itigi na Tabora nunua kidogo kidogo, ni nzito. Ukiwasha moto mwezi wa saba au wa nane, fyeka nyasi kuuzunguka na uuzime kwa mchanga, maana jani lote limekauka.

Hatua ya 8: Afya na hatari

Kabla ya kuondoka muone daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria, hasa kwa watu wa nyanda za juu wasioizoea, na hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa. Njiani homa yoyote ni malaria hadi kipimo kikatae. Zahanati nyingi za vijijini zina kipimo cha haraka na dawa mseto. Kama ulipita penye mbung'o na homa inarudi rudi kwa wiki kadhaa, mtajie daktari neno malale, asije akakutibu malaria mara tatu. Beba pakiti za ORS za kutosha. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, siku yako imekwisha: tafuta kivuli na unywe.

Nyoka wengi wa njiani hukimbia. Kifutu hakimbii, hulala njiani kimya, kwa hiyo usitembee gizani bila taa wala usiingize mkono palipo na majani makavu. Aliyeumwa asikatwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Mlaze, mguu usitikisike, tafuta chombo cha kumpeleka hospitali kubwa, kwa sababu dawa ya sumu haiko kila zahanati. Usilale chini ya mizinga ya nyuki. Ukisikia tembo wako upande fulani, na Manyoni na Bahi habari hizo zipo, lala kijijini na uondoke jua likishachomoza. Namba 112 ni ya polisi na 114 ni ya zimamoto na uokoaji, lakini porini mtu wa karibu ni mtendaji uliyeongea naye jana. Namba yake iandike kwenye daftari la maji.

Hatua ya 9: Jipime ukiwa Dodoma

Miezi mitatu kabla ya safari, panda vilima vya Imagi au Mlimwa, hapa Dodoma, na begi mara mbili kwa wiki. Kisha tembea Dodoma hadi Bahi, kilomita kama 55, Jumamosi na Jumapili, ukilala Kigwe, na urudi kwa basi. Hapo utajua viatu vyako vinasema nini. Mtihani wenyewe ni Mpwapwa hadi Dodoma, kilomita mia na ushee kwa siku nne au tano, ukilazimika kutumia tirikeza walau usiku mmoja. Ukimaliza na bado unataka kwenda Ujiji, uko tayari. Ukimaliza hutaki, umeshaokoa miezi miwili ya likizo bila malipo.

Hatua ya 10: Ratiba

Kilomita 25 kwa siku, siku sita kwa wiki, ya saba kupumzika. Hiyo ni 150 kwa wiki, wiki tisa za kutembea, weka kumi. Anza saa kumi na moja alfajiri, fika kabla ya saa sita. Wiki ya kwanza tembea 15 hadi 18 tu, hata ukiona una nguvu: mapafu hujengeka haraka kuliko kano za miguu. Ukianza mwanzoni mwa Juni utaingia Dodoma mwishoni mwa mwezi au mwanzoni mwa Julai. Kaa siku tatu. Tabora utafika mwishoni mwa Julai. Nenda Kwihara kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ziwani utafika Agosti, kabla mvua za magharibi hazijakaribia.

Malagarasi vuka kwenye Daraja la Kikwete. Pande zake ni ardhioevu kubwa yenye mamba na viboko, kwa hiyo usiteremke kuoga hata ukiwaona watoto wanaoga. Uvinza nunua chumvi, pumzika siku moja, kwa sababu kutoka pale hadi ziwani kuna vilima ambavyo mtu aliyezoea tambarare ya Tabora huvisahau kwenye hesabu.

Ujiji iko kilomita chache kabla ya mji wa Kigoma. Pita kwenye jumba la makumbusho pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, halafu teremka ufukweni, kula mgebuka. Tiketi ya kurudi usiinunue kabla hujafika Uvinza, kwa sababu tarehe yako itasogea. Na siku za treni uliza stesheni yenyewe. Ukipanda, chukua behewa la kulala. Dirisha la upande wowote litakuonyesha ulikopita, na saa kadhaa baada ya Tabora utaanza kuwaeleza wenzako ndani ya behewa kisima kipi kina maji ya chumvi, wakitaka wasitake.